Mkalimani wa Kundi la Mengineyo

Waheshimiwa wote mlioketi kwenye viti vyeupe vya plastiki, na waheshimiwa zaidi mlioketi kwenye viti vyenye vitambaa. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye hakuja kwa sababu nimekuja mimi. Viongozi wa dini wa upande huu wa Uganda, na viongozi wa dini mliovuka asubuhi ya leo kutoka upande wa Kenya na vitambulisho vyenu mkononi. Machifu, wenyeviti wa vijiji na wakuu wa koo. Wawakilishi wa jamii sita zinazotambuliwa na Baraza, yaani Wasamia, Waiteso, Wajapadhola, Wajaluo, Wanyole na Wagwe, ambao nimewataja kwa mpangilio uliopatikana kwa kura, na kura hiyo ilirudiwa mara nne mpaka kila jamii ikaridhika kwamba imeonewa sawasawa na wenzake. Stakeholders wote kwa ujumla wenu. Akina mama mlioacha biashara sokoni. Mabibi na mabwana, hamjambo!

(Watu wachache: "Hatujambo.")

Hamjambo tena!

(Watu wale wale: "Hatujambo.")

Ahsanteni kwa shangwe hiyo. Kwa wale ambao hawanifahamu, na nimehakikishiwa kwamba hawapo, mimi ni Daktari Rasto Mangeni, daktari wa heshima, Mwenyekiti Mwanzilishi wa Baraza la Uwiano wa Jamii za Mpakani, chombo kinachowahudumia wananchi kuanzia Busia zote mbili mpaka Tororo bila kujali mtu ni wa kabila gani, mradi kabila lenyewe limeandikwa kwenye fomu. Wapo wanaouliza pembeni, "Huyu Mangeni ni wa nani hasa?" Nawajibu hadharani. Kwa baba mimi ni Msamia. Lakini bibi yangu mzaa mama alitoka Kiyeyi, kwa hiyo nikifika Kiyeyi mimi ni Mjapadhola kamili na huwa napewa kiti cha mbele. Mke wangu mkubwa ni Mwiteso, kwa hiyo nikiwa Malaba mimi ni shemeji, na shemeji ni ndugu. Nilisoma na Wajaluo mabwenini, na mpaka leo nikiota, naota kwa Kijaluo. Huo ndio uongozi wa kisasa, mabibi na mabwana. Kiongozi wa kisasa hafungiwi katika kabila moja kama kuku katika tenga.

(Makofi kutoka viti vyenye vitambaa.)

Leo tumekusanyika kuzindua Kituo cha Makabila Yote, taasisi ya kwanza ya aina yake katika ukanda huu, chenye ukumbi wa watu mia sita, maktaba ya lugha, vyumba kumi na viwili vya ukalimani na bustani ya tafakuri, ambacho kimetekelezwa kwa kufuata framework ya ushirikishwaji, roadmap ya uwiano na mkakati mtambuka, na ambacho kwa takwimu za Baraza kimeshawanufaisha asilimia mia moja na nne ya wananchi waliolengwa. Hizo nne za ziada ni wageni waliokuwa wakipita.

(Sauti ya mwanamume: "Kiko wapi?")

Swali zuri, litajibiwa katika kipengele chake. Kwanza niruhusuni niwaeleze kwa nini kituo hiki kilihitajika, na ili nieleze vizuri, itanibidi niwasimulie habari za mama mmoja anayeitwa Quinter, ambaye nimemwalika leo na amekaa pale mstari wa tatu, aliyevaa leso ya kijani. Mama Quinter, inua mkono wakuone.

(Mama Quinter hainui mkono. Wanawake walio karibu naye wanauinua kwa niaba yake. Makofi marefu, yasiyokuwa kwenye ratiba.)

Basi, makofi yatosha. Mama Quinter kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkalimani katika wodi ya akina mama ya kituo cha afya kilicho chini ya usimamizi wa Baraza langu, hapo mbele kwa barabara hii. Hakuwa na barua ya ajira wala beji. Alikuwa na kiti kimoja na meza ndogo karibu na mlango, na mgonjwa akiingia akiongea Kiteso, yeye alimgeuzia nesi kwa Kiswahili. Akiingia mwingine na Kisamia, hivyo hivyo. Kipadhola, Kijaluo, hivyo hivyo. Manesi wetu wengi hupangiwa kazi kutoka mbali. Sista Kate, kwa mfano, mkuu wa wodi ile, alizaliwa safari ya siku nzima kutoka hapa, na alipofika alikuwa anajua kusalimia tu. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mheshimiwa, bila huyu mama mimi ningekuwa natibu watu kwa kuangalia macho yao." Nilimwonya Sista Kate kwa kauli hiyo, kwa sababu inaonyesha utegemezi.

Hali hiyo isingeweza kuendelea. Baraza lilifanya utafiti, na utafiti ukagundua kwamba huduma ya ukalimani katika wodi ile ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kuwa na uwiano. Kwa hiyo tukatangaza nafasi sita rasmi, kila jamii nafasi moja, tukachapisha fomu, na nikamtuma Katibu wangu wa Kumbukumbu, Bwana Jeff, huyu hapa mwenye kalamu, akawaandikishe waombaji. Mama Quinter alikuja wa kwanza, saa mbili asubuhi, na cheti chake cha ubatizo ndani ya bahasha.

Mazungumzo yao yamehifadhiwa katika kumbukumbu, nami nitayasoma kwa uwazi na uwajibikaji.

Bwana Jeff alimwuliza, "Mama, kabila?"

Akajibu, "Baba yangu Mjaluo wa upande wa Kenya. Mama yangu Mwiteso wa hapa Tororo."

"Kwa hiyo niandike Mjaluo?"

"Baba alikufa nikiwa mdogo. Nimelelewa na shangazi kijiji cha Nabuyoga, na kule wote Japadhola, na mimi nilitoka kule nikiwa msichana mkubwa. Kisha nikaolewa na Msamia. Watoto yangu ni Wasamia."

"Mama, kisanduku ni kimoja."

"Naona."

"Basi chagua."

"Nikiandika baba, mama yangu nampeleka wapi? Na hawa wagonjwa nitawaambia nini? Kwamba leo naelewa wewe, na wewe sikuelewi tena?"

Bwana Jeff, mtumishi mwadilifu, alifanya alivyofunzwa. Alishuka mpaka mwisho wa fomu, penye kisanduku kinachoitwa Mengineyo, akamweka hapo. Na kwa kuwa mgao wa nafasi kwa kundi la Mengineyo ni sifuri, kompyuta ilimjibu mama papo hapo kwamba hakufaulu. Sifuri hiyo, niseme wazi, haikuwa na ubaguzi wowote. Ilitumika kwa usawa kwa watu wote wa Mengineyo, na wote walikuwa yeye.

(Kicheko kidogo nyuma. Kinazimika.)

Jumatatu iliyofuata meza yake ilitolewa, wakaingia wakalimani sita wenye beji. Sitawataja wote. Nitamtaja mmoja tu, Mzee Edimu, mstaafu wa reli, kwa sababu anahusika na tukio, na kwa sababu nilimteua mimi. Usaili wake ulichukua dakika mbili. Jina: Edimu. Ukoo: aliutaja bila kusita. Baba, babu, wote wanajulikana. Lugha hatukumwuliza, kwa kuwa kumwuliza Mwiteso kama anajua Kiteso ni dharau, na Baraza letu lina sera kali dhidi ya dharau.

Mama Quinter akahamia nje. Aliweka meza ya nyanya na vitunguu kwenye ua wa kituo cha afya, chini ya dirisha la wodi. Inasemekana wiki ya kwanza hakuuza sana, maana kila mama mjamzito aliyepita alisimama kumwuliza, "Kwani kuna nini? Mbona uko huku?" Naye alikuwa akijibu, "Ingia tu, dada. Ndani kuna watu sasa."

Nafika kwenye tukio. Ilikuwa siku ya soko, majira ya saa nne asubuhi. Aliletwa kwa pikipiki mama mmoja anayeitwa Betty Ikiring, mkulima kutoka vijiji vya huku Tororo, mimba ya kwanza, maji yamemwagika tangu juzi yake, mwili unawaka homa. Mama huyu anajua Kiteso tu. Sista Kate alimpima akaona hakuna muda wa kupoteza, ni lazima achomwe sindano ya kuzuia maambukizi kabla mtoto hajadhurika. Akatayarisha dawa. Kisha, kama taratibu zinavyomtaka, akamgeukia mkalimani rasmi.

"Mzee, mwulize kama kuna dawa iliwahi kumdhuru."

Mzee Edimu akainama, akamwuliza. Alimwuliza nini hasa, kumbukumbu hazisemi. Betty akaitazama ile sindano mkononi mwa Sista, akaanza kuongea haraka haraka, akishika koo lake kwa mikono miwili.

"Anasemaje?" akauliza Sista Kate.

"Anasema ana kiu," akajibu Mzee Edimu.

Akaletewa maji. Baraza linajivunia kwamba maji yaliletwa ndani ya sekunde ishirini. Betty akaisukuma ile bilauri ikamwagika, akalia, akashika koo tena, na Sista Kate akadhani ni uchungu unapanda, akamshika mkono ili amchome. Ndipo sauti ikaingia kutoka dirishani.

"Sista! Ngoja! Usichome!"

Mama Quinter alikuwa amepanda juu ya kreti ya nyanya, ameshika nondo za dirisha.

"Sista, hii mama anasema hiyo dawa ilifunga yeye koo! Mwaka ule alikuwa na kidonda, wakachoma yeye, pumzi ikakataa, akaanguka. Anasema daktari wa kule alimwambia asichomwe hiyo tena mpaka kufa. Si kiu, Sista! Weka chini!"

Sista Kate aliiweka chini. Akachukua dawa nyingine. Saa saba mchana akazaliwa mtoto wa kike, kilo tatu kasoro, akiwa analia vizuri, na kilio hicho hakikuhitaji mkalimani.

(Makofi. Vigelegele. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mstari wa tatu, anasukumwa na wenzake asimame. Ni Betty Ikiring.)

Naam, ndiye huyo, na huyo mgongoni ndiye mtoto mwenyewe. Nilipendekeza kwa maandishi kwamba mtoto aitwe kwa jina la Baraza au la Mwenyekiti wake. Ameitwa Quinter. Tunaheshimu uamuzi wa wazazi.

Baraza halikukaa kimya baada ya tukio lile. Kesho yake lilichukua hatua madhubuti. Tulimwandikia Mama Quinter barua ya onyo kwa kosa la kutafsiri bila kibali kupitia tundu lisiloidhinishwa, na tukaagiza dirisha lifungwe. Lakini ikajitokeza changamoto ya utekelezaji. Akina mama walioingia wodini, wa jamii zote sita, walikuwa wakiulizwa jambo na mkalimani rasmi wa kabila lao wananyamaza, kisha wanageuza uso dirishani wanangoja. Dirisha lilipofungwa, walikuwa wanatoka nje na matumbo yao, wanaongea na Mama Quinter kwenye nyanya, na Sista Kate anatoka na faili lake nyuma yao. Wiki tatu wodi ya uzazi ikafanyia kazi uani, katika jua. Niliwaita wakuu wa koo waje kuwaasa wanawake wao warudi kwa wakalimani wao halali. Mmoja wa wakuu hao, nasikitika kusema, aliniambia, "Mheshimiwa, mimi binti yangu anajifungua mwezi ujao. Usinihusishe."

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la Kituo cha Makabila Yote. Nilijiuliza, kama kiongozi, je, tunawezaje kugeuza hali hii kuwa mafanikio yetu? Na jibu ndilo hili la leo. Mama Quinter tunamtunuku Cheti cha Mfano Hai wa Uwiano, kimechapishwa kwa rangi, kimebaki kujazwa kabila tu. Lakini kwanza nimwite mnufaika, Mama Betty Ikiring, apande jukwaani kulishukuru Baraza kwa maneno machache, na Mzee Edimu, mkalimani wetu rasmi, atatutafsiria. Karibuni. Dakika moja inatosha.

(Betty Ikiring anapanda jukwaani. Mzee Edimu anasimama kando yake, beji kifuani. Betty anaongea Kiteso, taratibu, bila kuangalia kipaza sauti. Anaongea zaidi ya dakika moja. Waiteso waliopo wanainama mbele kumsikiliza. Bibi mmoja anajifuta macho.)

Ahsante, Mama Betty, kwa shukrani hizo. Mzee Edimu, tafsiri.

(Mzee Edimu anaitazama beji yake.)

Mzee Edimu, wageni wanangoja.

(Mzee Edimu anavua kofia. Anasema: "Mheshimiwa, mimi sijui alichosema.")

Rudia kwa ufupi basi, kiini chake tu.

(Mzee Edimu: "Sijui kiini chake pia. Sijui Kiteso, Mheshimiwa. Baba alipata kazi ya reli tukahamia Nakuru nikiwa sijaanza shule. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Wewe ulikuja ukaniambia unataka jina la Kiteso kwenye orodha, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani miaka minane bila mtu kunihitaji kwa chochote. Nikaona aibu kusema. Siku ile huyu mama alishika koo, nikasema kiu. Nilibahatisha. Tangu siku hiyo kila nikinywa maji namwona." Anavua beji. Anamgeukia Betty. "Mama, nisamehe. Hata hili silijui kwa lugha yako.")

Kwa ajili ya kumbukumbu, Bwana Jeff, andika kwamba mkalimani alizidiwa na hisia. Mzee, kaa. Ratiba inaendelea.

(Ratiba haiendelei. Mama Quinter amesimama mahali pake, mstari wa tatu. Anamwambia Betty maneno machache kwa Kiteso, akimwonyesha Mzee Edimu. Betty anamtazama yule mzee muda mrefu, kisha anamjibu. Mama Quinter: "Mzee, anasema amesikia. Anasema wewe umesema ukweli mbele ya watu, basi kaa chini, usiogope yeye.")

Mama Quinter, hujapewa nafasi.

(Mama Quinter: "Najua, Mheshimiwa. Lakini ile ya kwanza, ile ndefu, watu bado hawajasikia. Mimi namaliza nakaa. Betty anasema yeye hakuja hapa kushukuru Baraza, alikuja kwa sababu alisikia mtoto atapewa chandarua." Kicheko. "Anasema siku ile alikuwa na watu wanne mbele yake, na wote wazuri, wote wanamshika mkono. Anasema uchungu yeye alikuwa amejiandaa. Kitu hakujiandaa ni kusema maneno yake ya mwisho, halafu mtu anakuletea maji.")

(Mtoto anapiga chafya.)

Ni ushuhuda mzito, na Baraza limeupokea kama maoni. Sasa tuingie moja kwa moja kwenye kutunuku cheti, ili tusipoteze muda. Mama Quinter, panda. Usiogope ngazi. Simama hapa, uso kwa wapiga picha. Hiki hapa cheti. Pana nafasi moja tu ambayo haijajazwa, na nimeonyesha moyo wa kipekee, nimeamuru kwamba leo uchague kabila lolote unalotaka kati ya sita, nasi tutalikubali bila kudai ushahidi, na kuanzia Jumatatu utaingia kwenye mgao. Wawakilishi wa jamii nao wameniandikia vikaratasi. Wajaluo wanakudai kwa baba. Waiteso wanakudai kwa mama. Wajapadhola wanasema wamekulea, Wasamia wanasema wamekuoa. Mara moja tu katika maisha yangu ya siasa nimeona mtu akigombewa hivi, na mtu huyo alikuwa mimi. Chagua, mama.

(Mama Quinter anakishika cheti. Anakisoma. Anasema: "Karatasi ni nzuri. Lakini mimi sikuomba karatasi, Mheshimiwa. Mimi nataka ile meza. Nirudishe ndani. Hawa akina mama nawasikiliza juani, wamesimama, na wengine miguu imevimba. Hayo ndiyo naomba, na kabila andika unayotaka.")

Kabila huchaguliwa na mwenyewe, mama. Sisi si watu wa kulazimisha.

("Basi andika hizo zote.")

Hazitoshi kwenye nafasi.

(Bwana Jeff anakichukua cheti mkononi mwa Mama Quinter, anakiweka gotini, anaandika. Anaandika muda mrefu.)

Bwana Jeff, unafanya nini? Bwana Jeff! Waheshimiwa, naomba radhi, Katibu wangu ameandika mpaka nje ya kisanduku. Ameandika pembeni. Amepindisha karatasi, sasa anaandika juu ya nembo.

(Bwana Jeff: "Nimemaliza, Mheshimiwa. Zimetosha.")

Utanikuta ofisini. Sasa naomba utulivu huko nyuma. Nani huyo anakuja na pikipiki katikati ya hafla? Zima hiyo. Sista Kate, wewe uko zamu!

(Sista Kate hashuki kwenye pikipiki. "Niko zamu, ndiyo maana nimekuja. Nina mama wawili wameingia sasa hivi, mmoja Kisamia, mmoja sijui hata ni lugha gani. Mama Quinter, tafadhali, twende. Kiti chako nimekirudisha mimi mwenyewe. Meza pia. Akitaka kunifukuza mtu, atanifukuza kesho.")

Sista Kate, uamuzi wa kurejesha meza ni wa Kamati Ndogo ya Samani, ambayo haijawahi kukaa. Mama Quinter, subiri. Mama, hatujapiga picha!

(Mama Quinter anakunja cheti mara mbili, anakiweka kwenye leso, anashuka ngazi. Anapopita mbele ya Mzee Edimu anasimama. "Mzee, wewe kama unataka kujifunza, njoo na stuli yako. Utakaa kando yangu, utasikiliza kwanza." Mzee Edimu anainuka na kiti alichokalia. Mama Quinter anapanda pikipiki nyuma ya Sista Kate. Mstari wa tatu wote unasimama na kuwafuata kwa miguu, kisha wa nne, kisha wa pili. Betty Ikiring anatoka na mtoto.)

Akina mama, chandarua bado! Akina mama!

(Hakuna anayegeuka.)

Basi. Kwa faida ya wale waliobaki, ambao ni watu wa ubora kuliko wingi, niseme kwamba hiki mlichokishuhudia ndicho tulichokipanga. Wananchi wa makabila yote wametoka kwa pamoja, bila kusukumana, kuelekea upande mmoja. Mtalikuta hilo kwenye ripoti, ukurasa wa mafanikio. Takwimu zinaonyesha kwamba kabla ya hotuba yangu hali hiyo haikuwahi kutokea.

Nimalizie kwa kaulimbiu za Baraza. Nikisema "Uwiano!" mtasema "Kwa mgao!" Uwiano!

(Mtu mmoja: "Kwa mgao.")

Makabila sita!

(Mtu yule yule: "Mimi ni wa vipaza sauti, Mheshimiwa. Nangoja kufungua vyombo.")

Umoja wetu, fomu yetu! Mpaka wetu, daraja letu! Mangeni ni wa wote!

(Mwangwi.)

Naingia sasa kwenye shukrani, na sitaki kumsahau mtu. Nawashukuru washirika wetu wa maendeleo, walioamini kituo hiki kwa kukiona kwenye picha. Namshukuru fundi rangi kutoka upande wa Busia ya Kenya, Bwana Brayo, aliyechora picha hiyo kwa siku mbili, na ambaye kwa kukosa maelezo ya kutosha alichora jengo la ghorofa nne ambalo aliliona kwenye kalenda. Namshukuru mhandisi, ambaye hatukuwahi kumpata. Nawashukuru wajenzi kwa subira yao, maana hawajaitwa. Namshukuru kwa namna ya pekee Mzee Oketcho, mwenye shamba hili, kwa kutuazima sehemu hii ya muhogo wake kwa asubuhi moja tu, na amenikumbusha hapa kwa ishara kwamba saa sita atahitaji kupalilia. Pia amesisitiza kwamba hakuwahi kuuza, hakuwahi kuombwa kuuza, na habari za kituo amezisikia leo pamoja nanyi. Ukumbi, maktaba na vyumba kumi na viwili viko katika hatua ya kufikiriwa. Bustani ya tafakuri ndiyo hii mliyokalia.

Kwa heshima na taadhima mliyonipa, naomba sasa mkasi, nikizindue rasmi.

(Anapewa mkasi. Anakata utepe, anapita katikati yake akipunga mkono, na kutokomea ndani ya muhogo. Mzee Oketcho: "Mheshimiwa! Angalia miche!")